Isifike Tano

14 Aprili, Jumapili

Mitchelle amefariki leo alfajiri. Aliishi siku mbili. Jina lake naliandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine lilipoandikwa. Kwenye faili ya hospitali yeye ni "mtoto wa Janet" tu, na faili yenyewe imeshafungwa.

Daftari hili lilikuwa la maandalio ya masomo. Mimi ni mwalimu wa chekechea. Kurasa tatu za mbele zilikuwa na rangi na maumbo. Nimezichana.

15 Aprili

Daktari amekuja kunieleza kilichotokea Ijumaa kwenye chumba cha upasuaji. Mji wa mimba ulichanika, damu ikakataa kukata, wakautoa. Johnson, mume wangu, ndiye aliyetia sahihi, mimi nikiwa sijijui. Kwa hiyo sitazaa tena. Daktari akasema, "Cha muhimu uko hai, mama." Nikamwuliza cha muhimu kwa nani. Akaangalia saa yake.

16 Aprili

Johnson amemzika Mitchelle nyumbani, juu ya kichuguu kilicho nyuma ya nyumba, mahali palipoinuka kuliko pote shambani. Sikuruhusiwa kwenda. Mshono haujashika, na njia ya kwetu, ng'ambo ya Golbanti, imeanza kuingia maji. Mvua imenyesha kutwa.

17 Aprili

Maziwa yameingia. Hakuna aliyeyaambia kwamba mwenyewe hayupo. Gauni limelowa hadi kiunoni na matiti yamekuwa mawe. Nimelia, si kwa uchungu wa matiti.

18 Aprili

Mvua.

19 Aprili

Johnson amepiga simu. Mto umevunja kingo. Wamehamia kambini, kando ya barabara ya lami, yeye na mamake na majirani wote, chini ya maturubai. Nyumba imeingia maji mpaka dirishani. Mahindi ndiyo basi. Nikamwuliza kichuguu je. Akarudia habari ya mahindi. Nikamwuliza tena.

"Janet, hata paa la choo halionekani."

Nikakata simu. Mwanangu amezikwa mara mbili wiki hii, na mara zote mbili sikuwepo.

20 Aprili

Barabara ya Malindi imekatika jioni hii. Ambulensi ilipita saa moja kabla, imembeba mama mmoja Muorma aitwaye Batula aliyeshikwa na kifafa cha mimba. Mtoto wake ameachwa hapa wodini, aliyezaliwa kwa mimba ya miezi saba, mdogo sana kusafirishwa. Amebaki na bibi yake. Kitanda chao kimetazamana na changu. Nimegeukia ukutani.

22 Aprili

Sista Mwanaarusi amekaa kitandani kwangu. Ni mtu wa Kipini, mama mtu mzima, sauti yake haipandi hata wodi ikiungua.

"Janet mwanangu, n'na jambo. Sikuombi kwa nguvu."

Nikajua. Kila siku ananiona nikikamua kwenye kikombe na kumwaga kwenye sinki.

"Yule mtoto ana kilo moja na kitu," akasema. "Mamake yuko Malindi hajitambui. Maziwa ya kopo nnayo, lakini tumbo la mtoto kama yule haliyawezi. Nairobi kuna benki ya maziwa ya akina mama. Huku tuna friji moja, nayo ni ya chanjo. Damu yako tumeipima, huna ugonjwa. N'tayapasha kwenye maji moto, mtoto apewe kwa kijiko."

Nikamwambia mimi si ng'ombe. Akasema, "La, wewe si ng'ombe," akaondoka, akaniacha na kikombe.

Kwa nini nimekubali? Sijui. Labda nimechoka na sinki.

Bibi akaja kabla ya kijiko cha kwanza. Anaitwa Sabdio, mrefu, mkavu, leso nyeusi. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini hana haya nacho.

"Wewe nani? Baba yako nani? Nyumbani wapi?"

"Unataka maziwa au kitambulisho?"

"Maziwa ya mtu iko na mwenyewe," akasema. "Lazima najua mwenyewe."

Nikamtajia: Janet binti Kavumbi, Mgiriama, mke wa Johnson Kitsao, ng'ambo ya Golbanti. Akarudia majina yote polepole. Mtoto alipokunywa na kuacha mwenyewe, alipiga fundo dogo kwenye pindo la leso yake.

23 Aprili

Mara ya pili usiku, mara ya tatu asubuhi, ya nne adhuhuri. Kila mara fundo. Baada ya fundo la nne Sabdio akasimama mbele ya kijiko.

"Imetosha."

Mwanaarusi ndiye aliyenieleza. Kwao, mtoto akishiba maziwa ya mwanamke mara tano, mwanamke huyo amekuwa mama yake kwelikweli, mumewe amekuwa baba, na wanawe ni ndugu wasiooana. Nne ni msaada. Tano ni ukoo. Bibi amempigia simu mwanawe, babake mtoto, aliyekwama na ng'ombe upande wa pili wa maji, na mwanawe amekataa.

Simu ikalia tena, safari hii baba mwenyewe anataka kuongea na sista. Mwanaarusi akaiweka kwenye spika.

"Sista, kama wewe ni Muislamu unajua. Sitaki mtoto yangu awe na baba ya pili huko kwa mashamba. Isifike tano."

Sauti ile naijua. Nilikaa nayo jua kali kutwa nzima mwezi wa Januari, kwenye baraza la chifu. Ni Molu. Kundi lake lote liliingia shambani kwetu likala mahindi yakiwa na mbelewele, naye akasimama mbele ya watu, mkono kifuani, akasema, "Chifu, ng'ombe wanne tu walipotea njia." Wanne! Shamba lilikuwa limebaki kama uwanja wa mpira. Johnson naye, kwa hasira, akasema zimeliwa ekari nne, na sisi tulilima mbili. Chifu akatuangalia wote kama watoto wangu wa chekechea. Akatoa sheria: kuanzia siku hiyo, wakizidi kumi ni kundi, na mwenye kundi atatoa ng'ombe wawili wanaokamuliwa; wasipozidi kumi, wamepotea njia, watu wasameheane. Tukapeana mikono na kwenda nyumbani na njaa.

Na leo Molu anaogopa maziwa yangu. Mahindi yangu hakuyaogopa.

Nimekamua kikombe kizima nikamwaga kwenye sinki mbele ya bibi, taratibu, aone. Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi.

24 Aprili

Mama mkwe kwenye simu: "Nasikia unakamulia watu. Maziwa ya marehemu hayapewi aliye hai. Jifunge leso kifuani yakauke." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hata wenyewe wameyakataa.

Mtoto anapewa ya kopo. Anatapika.

25 Aprili

Tumbo lake limevimba na kung'aa. Halii, anakoroma kidogo tu, kama mtu anayetaka kusema kitu akaghairi. Sabdio anamshika kwa kiganja kimoja. Usiku kucha anaimba kitu kwa Kiorma, chini chini.

Mgonjwa haulizwi uji, wanasema. Huyu ameulizwa ukoo.

26 Aprili

Asubuhi ametapika kijani. Daktari akasimamisha ya kopo, akasema wakianza tena iwe maziwa ya mama au wasianze. Barabara ya Malindi bado. Mwanamke mmoja Muorma wa kunyonyesha alitafutwa, yuko Chewele, na kati yake na sisi ni maji matupu.

Nimelala kitandani nikimtazama mtoto wa Molu akifa. Nilikuwa nimengoja nione haki inavyofanana. Inafanana na kidevu kinachotetemeka. Mitchelle naye alikuwa na kidevu hicho hicho, maana wakiwa wadogo hivyo wote ni mtu mmoja.

Nikaenda ofisini kwa Mwanaarusi nikishika mshono.

"Mpe yangu. Bibi mwambie ni ya kopo jipya."

Akaweka kalamu chini. "Unajua unalonambia? Mimi n'najua dini yangu. Kuficha undugu wa maziwa ni dhambi. Kesho ukizaa binti, akakutana na huyu, wakaoana ndugu kwa ndugu, shingo itakayoulizwa ni yangu."

"Sista, ulikuwepo Ijumaa ile. Binti nitamzalia wapi?"

Macho yakamjaa, akayafuta kwa kona ya buibui lake.

"Kwa hiyo hana dada wa kumwoa," nikasema. "Hana kaka. Hana mtu. Atakuwa na mimi tu, na mimi sitamwambia."

Akawasha jiko, akateleka sufuria ya maji, akaingiza chupa yangu ya maziwa ndani ya maji. "Astaghfirullah," akasema, na akaendelea kuangalia chupa mpaka maji yakachemka.

Saa sita mchana amepewa matone. Hakutapika.

27 Aprili

Mara ya tano ilikuwa jana. Naandika kwa sababu mtu mmoja anapaswa kujua. Sasa tuko ya kumi na tatu.

29 Aprili

Tumbo limelegea. Amekunya. Wodi nzima imefurahia kinyesi.

1 Mei

Mvua. Sina la kuandika. Mara nane kwa siku nakamua, na mara nane kwa siku Mwanaarusi anasema uongo. Asipokuwa zamu, namnywesha mwenyewe, nikisema sista ameniomba nisaidie kushika kijiko.

4 Mei

Leo nimegundua jambo, nikacheka mpaka mshono ukauma.

Kila tunapoleta chupa, Sabdio anasimama, anachukua msala wake, anasema, "Mimi naenda sali." Anatoka barazani. Anarudi kijiko kikiwa kimeoshwa. Nimekaa nikahesabu. Sala kwa Waislamu ni tano kwa siku. Bibi huyu anasali mara nane, na moja ni saa tisa ya usiku, na nyingine saa tatu asubuhi.

Anajua. Amejua tangu siku ya kwanza. Mtu aliyehesabu ng'ombe jioni tangu akiwa msichana, akajua aliyekosekana kabla hawajaingia wote zizini, utamdanganya kwa kopo?

6 Mei

Sabdio ameniletea chai ya maziwa na mkate, akasimama mpaka nikamaliza.

"Kula. Ng'ombe hapana kula, maziwa hapana."

"Nilimwambia sista mimi si ng'ombe."

"Ng'ombe ni tusi kwa nani?" akauliza, na kweli alishangaa. "Kwangu mimi, mtu nikipenda, naita ng'ombe yangu."

Nilikuwa nimepanga kumchukia mpaka barabara ifunguke. Inakuwa vigumu. Jioni amenifulia leso zangu bila kuuliza, akazianika na zake, pamoja na ile nyeusi. Yale mafundo manne bado yapo pindoni. Hayajaongezeka.

7 Mei

Mara themanini na tisa.

10 Mei

Johnson amefika, kwa mtumbwi halafu kwa pikipiki, matope hadi mapajani. Amekonda. Amenishika mkono tukakaa tu. Nilimwonea huruma, kisha akafungua kinywa.

Amemwambia mamake kuhusu mji wa mimba. Nilimwomba asimwambie. Sasa kambi nzima inajua, maana turubai halina ukuta. Na mamake amesema, kwa upole tu, eti kuna msichana wa ukoo wa Masha, mtoto mwenye adabu, na mimi nitabaki mke mkubwa, hakuna atakayenifukuza.

"Na wewe umesemaje?"

"Nimesema tungoje maji yapungue."

Tungoje maji yapungue! Kwa hiyo ndoa yangu inapimwa kwa rula ya mto.

Akamwona mtoto kifuani kwangu, kwa sababu sasa Mwanaarusi anataka akae ngozi kwa ngozi apate joto, na Sabdio mwenyewe ndiye aliyemfungia hapo. "Wa nani huyu?"

"Wa Waorma."

Akatazama upande. "Usizoee," akasema. Alisema kwa wema, na ndiyo maana siwezi kumsamehe.

11 Mei

Mara mia moja ishirini na moja. Kilo moja na nusu. Ameshika kidole changu.

14 Mei

Barabara imefunguka kwa malori. Nimemwuliza Sabdio, tukiwa wawili tu, mtoto akiwa kati yetu.

"Mama, mwanao akija atakuuliza. Utamwambia ngapi?"

Alimtazama mtoto. "Molu kichwa ngumu. Lakini ni mtu wa Mungu. Akijua, ataheshimu."

"Kwa hiyo utamwambia."

"Mungu ataleta siku," akasema.

Nimelala nikiifikiria siku hiyo kama msichana anayengoja posa. Sihitaji wanipe kitu. Nataka mtu mmoja aseme mbele ya watu kwamba nina mtoto. Kisha wampeleke wanakotaka.

17 Mei

Wamekuja. Batula amerudi kutoka Malindi, mwembamba, anatembea kwa kushika ukuta. Maziwa yake yamekauka. Hata hivyo alipopewa mtoto alimnusa kichwani, akafumba macho, na nikaona kwamba ni wake. Sikatai. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Molu alisimama mlangoni na wazee wawili wa kwao. Hakunijua. Januari alinitazama siku nzima, lakini mwanamke mkulima ni kama kisiki, mtu hakariri sura yake. Walizungumza Kiorma, kisha akageukia kwa Mwanaarusi na kuuliza kwa Kiswahili, wazi, wote tusikie:

"Mama wa hapa alitoa mara ngapi?"

Mwanaarusi alitazama sakafu. Ni wakati wake pia, nilijua, amebeba dhambi ile siku ishirini na moja. Akafungua mdomo. Sabdio akamtangulia.

"Nne."

Akainua pindo la leso nyeusi. Mafundo manne. Wazee wakayagusa moja moja, wakatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Na baadaye?"

"Kopo."

Molu akaja mbele yangu, mkono kifuani, ule ule mkono. "Asante, mama, kwa zile nne. Mungu akulipe."

Nilitaka kusema. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikamwona Batula amekaa kitandani, mtoto mapajani, akinitazama kama mtu anayetazama mbwa bila kujua kama anauma. Nikasema, "Amina."

Wamempa jina Idris. Sabdio hakuniaga. Alipita karibu na kitanda changu, na begani kwangu nikasikia mkono wake, mzito, kisha haupo.

Mara mia moja sabini na tatu. Nimeijumlisha mara mbili.

18 Mei

Nimekamua. Sinki.

19 Mei

Sinki.

20 Mei

Nimeruhusiwa kutoka. Mwanaarusi amenisindikiza mpaka getini. "N'samehe, mwanangu," akasema. "N'lishindwa." Nikamwambia hakuna aliyeshindwa, mtoto yuko hai, kila mtu ameshinda. Akajua ninachomaanisha.

2 Juni

Nyumbani. Matope yamefika kiunoni mwa kuta, na kila kitu kina rangi moja. Tumemtafuta Mitchelle. Maji yamekula kichuguu chote, mahali pake ni pazuri, pamesawazika, udongo mweusi wa kulimia. Johnson alihesabu hatua kutoka mlangoni, akachomeka kijiti. Akahesabu tena, akakihamisha. Mara ya tatu nilimwambia akiache.

9 Juni

Tumepanda mahindi kwenye matope, kama watu wote. Mto ukikunyang'anya, unakuachia udongo. Mama mkwe amemtaja tena yule msichana. Johnson hakukubali. Hakukataa pia.

15 Juni

Maziwa yamekauka. Nilidhani nitafurahi.

22 Juni

Mahindi yamefika vifundoni mwa miguu. Jua kali.

29 Juni

Nilikuwa peke yangu shambani asubuhi, Johnson amekwenda Garsen. Nilisikia kengele kwanza. Halafu wakaja, kutoka upande wa nyika, pembe juu ya majani, na nyuma yao hapakuwa na mtu. Nilipiga kelele, nikarusha madongoa. Ng'ombe hajali mwanamke mwenye mshono. Nilikaa juu ya ndoo nikawahesabu, ndiyo kazi iliyobaki. Sitini na mmoja. Alama ya masikioni naijua tangu Januari. Wawili walikuwa na viwele vilivyojaa na ndama nyuma yao.

Wamekula kila kitu. Kile kijiti pia wamekikanyaga.

30 Juni

Vijana wa huku wananoa mapanga. Johnson, sifa yake hii naiandika, amewazuia. "Tuna chifu na tuna sheria," amesema. "Wakizidi kumi ni kundi. Na safari hii tuna shahidi." Shahidi ni mimi. Amenikumbatia usiku. Miezi mitatu hakuwa amenikumbatia. "Sema tu ulichokiona," akaniambia. "Ng'ombe wawili wa maziwa, Janet. Tutaanza upya."

3 Julai

Baraza lilikuwa uwanja ule ule. Wakulima upande wa kulia, wafugaji kushoto, chifu katikati na kiti chake cha plastiki.

Johnson akasimama. Nilimsihi njiani aseme ukweli, ekari mbili. Akasema, "Ekari nne." Molu akasimama, mkono kifuani. "Wachungaji walilala. Ng'ombe wanne walipotea njia, chifu. Wanne tu." Watu wetu wakapiga kelele. Mtu akarusha kiatu.

Sabdio alikuwa amekaa chini na wanawake wa kwao, Idris mgongoni. Nilikuwa nimeapa kutomtazama. Amenenepa. Ana shavu. Batula alikuwa kando yake, na kati yao kuna kibuyu. Mtoto akaanza kulia, kilio cha njaa, kile ninachokijua hata nikiwa usingizini, na Batula akafungua kibuyu, akampa kwa kijiko. Kwa kijiko, vile vile.

Kifua kikanichoma. Nilikuwa nimekauka wiki mbili na zaidi. Nikatazama chini, blauzi imelowa, madoa mawili, mbele ya kata nzima. Nikavuta leso nikajifunika. Sabdio aliona. Alinitazama usoni, sijui kwa muda gani, kisha akamgeuza mtoto upande wa pili.

Wazee wa upande wetu walishachagua ng'ombe wa faini. Wale wawili wenye viwele. Molu aliposikia, sauti yake ilipasuka kwa mara ya kwanza. "Chukua wengine! Hao wawili ni ya mtoto. Mama yake hana maziwa. Mimi sina wengine wa kukamua, mafuriko ilimaliza." Mtu wa kwetu akacheka, akasema mtoto naye anywe matope kama wetu.

Chifu akainua mkono. "Kuna aliyeona kwa macho. Mama Janet, simama. Wewe ulikuwa shambani. Uliona ng'ombe wangapi?"

Nilisimama. Johnson alinitikisia kichwa, uso wake umejaa matumaini kama siku aliyonioa. Mama mkwe alikuwa nyuma yake. Nililiona shamba, na kijiti, na mwaka mzima wa njaa unaokuja, na yule msichana wa Masha mwenye adabu ambaye leo nitakuwa nimemfungulia mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimwona Sabdio. Hakuniomba kitu. Alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vyake viko kwenye pindo la leso.

"Wanne," nikasema.

Chifu akauliza tena, nikarudia. Watu wetu waliguna kama mtu aliyepigwa tumboni. Molu alinikodolea macho, na sasa ndipo aliponijua, mama wa zile nne, lakini alichokijua sicho. Alidhani labda nimehongwa, au nimerukwa na akili. Faini hakuna. Watu wasameheane.

Johnson hajasema nami neno tangu tutoke huko. Amekwenda kulala kwa mamake. Njiani aliniuliza jambo moja tu: "Kwa nini?" Nikamwambia niliona wanne.

Niliona sitini na mmoja. Na nilimpa mara mia moja sabini na tatu. Naziandika hesabu zote mbili hapa, ukurasa mmoja, kwa sababu mbele ya watu zote ni nne.